Mashine ya Kuokoa Stima

Habari kwamba bonasi ya chai imeingia, Phanice aliisikia kwenye foleni ya mizani, katika kituo cha kupimia majani, tena kwa mtu ambaye hakukusudia kumwambia. Nyamusi, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, alikuwa akimsimulia mwanamke mwingine jinsi alivyomfuata mumewe hadi benki Jumatano, akamngoja mlangoni mpaka akatoka, wakaenda pamoja kulipa karo. Phanice alishusha kikapu chake cha majani chini. Jumatano ilikuwa imepita, Sabato nayo ikapita, na kwake hakuna aliyetamka neno bonasi.

"Imeingia kwa watu wote?" aliuliza, akijitahidi sauti yake isibadilike.

Wanawake wale walitazamana. Nyamusi alisema huenda kwa wengine imechelewa, benki zina mambo yake. Alisema kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Phanice kuliko habari yenyewe, kwa sababu kila mwanamke kwenye foleni ile alijua maana ya mke kuulizia bonasi kituoni.

Zamu yake ilipofika, karani akapima majani, akalitaja jina kama alivyolitaja siku zote: Mokua. Aliyechuma alikuwa Phanice, aliyebeba alikuwa Phanice, na mgongo uliolowa umande tangu alfajiri ulikuwa wa Phanice. Lakini mashina ya chai yaliandikwa jina la mumewe, na kabla ya hapo yaliandikwa jina la baba mkwe, na malipo ya kila mwezi pamoja na bonasi ya mwisho wa mwaka yaliingia katika akaunti ambayo yeye hajawahi kuona hata kadi yake.

Pale Itumbe hilo halikuwa jambo geni. Wanaume wengi walipokea hivyo, na mwezi wa kumi ulipofika wengine walipotea kabisa. Walishuka Keroka au Kisii mjini, wakarudi baada ya wiki na viatu vipya na macho mekundu. Mokua hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa shemasi wa kanisa, hanywi, havuti, na Jumamosi alikaa kiti cha mbele na Biblia magotini. Kwa hiyo Phanice alipanda kilima kurudi nyumbani akijiambia kwamba pesa lazima ziko. Huenda mumewe alitaka kumfurahisha ghafla.

Maana bonasi ya mwaka huo ilikuwa na kazi yake. Wakati wa masika, Phanice aliteleza kwenye mteremko wa chemchemi akiwa na mtungi wa maji, akaangukia mkono wa kushoto. Mfupa wa kifundo uliunga vibaya, na tangu hapo vidole viwili havikunjiki sawasawa, ilhali chai huchumwa kwa mikono yote miwili. Siku ile Mokua alikaa naye kwenye benchi la hospitali kuanzia asubuhi, akamnunulia chai na mandazi, akasema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba bonasi ikiingia atanunua tangi na kutia mifereji kwenye paa, ili maji yamfuate mkewe nyumbani badala ya mkewe kuyafuata bondeni. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Phanice aliyatunza maneno hayo, na kila aliposhuka kwenye mteremko ule, akishika vichaka kwa mkono mzima, alijua kwamba mwisho wa taabu unahesabika.

* * *

Alimkuta mumewe sebuleni amezungukwa na maboksi.

Kazi ya Mokua ilikuwa kupiga video za matanga na harusi. Alikuwa na kamera nzuri, na jina lake lilijulikana kuanzia Itumbe hadi Keroka, kwa sababu alijua kuwapanga waombolezaji na kumpa kila mjomba nafasi yake mbele ya jeneza. Baada ya mazishi alirudi nyumbani kuihariri video kwenye kompyuta kubwa iliyokaa mezani, akaitia nyimbo za kwaya na majina ya marehemu. Kompyuta hiyo ilikuwa kuukuu. Ilivuma kama kinu cha unga, na video ya mazishi ya siku moja iliichukua siku tatu kumaliza. Sasa ilikuwa imefunguliwa ubavu, na Mokua alikuwa akiinamia ndani yake na bisibisi.

Alimwita mkewe aje aone. Ndani ya kiboksi kidogo kilichomtosha kiganjani palikuwa na kipande cha chuma bapa, hakizidi ukubwa wa biskuti.

"Hii ni prosesa mpya, Mama Linet," alisema. "Ndiyo akili ya kompyuta. Ile ya zamani ilikuwa inakula stima kama ng'ombe anavyokula nyasi za nepia. Hii inakula nusu. Nimekununulia mashine ya kuokoa stima."

Alisema nimekununulia. Phanice alilishika neno hilo, akaligeuza moyoni, akashindwa kujua aliweke wapi.

Mokua akaendelea kueleza, na maelezo yake yalikuwa matamu. Alimkumbusha jinsi alivyokuwa akilalamika kwamba tokeni za stima zinaisha kila yeye akihariri video. Ilikuwa kweli. Tokeni alizinunua Phanice, kwa pesa za ndizi alizouza soko la Daraja Mbili, na alikuwa amelalamika si mara moja wala mbili. Sasa mumewe alikuwa ameyachukua malalamiko yake, akayafunga ndani ya boksi, akamrudishia kama zawadi.

"Na tangi?" Phanice aliuliza.

"Tangi liko. Pesa tutakazookoa kwenye stima ndizo zitakazonunua tangi. Huko ndiko kufikiria mbele."

Akauliza kilichobaki kwenye bonasi. Hapo Mokua akarudisha macho kwenye bisibisi. Ilimbidi Phanice aulize tena na tena mpaka yakatoka, kidogo kidogo, kama maji kwenye mfereji ulioziba. Prosesa mpya haikuingia kwenye bodi ya zamani, hivyo bodi mpya ilinunuliwa. Bodi mpya ilikataa kipande cha kumbukumbu cha zamani, na kipya kikanunuliwa. Kisha fundi akashauri sanduku la umeme libadilishwe, lisije likaunguza vyote. Ikawa kama mtu aliyekwenda kununua kufuli akaishia kununua mlango na nguzo zake. Baada ya kutoa zaka na kununua suti ya shemasi kwa ajili ya makambi ya kanisa, zilibaki shilingi elfu nne, nazo zilikuwa za karo ya binti yao Linet, aliyekuwa shule ya bweni.

Phanice alitoka akaenda jikoni, akawasha moto. Kuni zilikuwa na unyevu. Moshi ulimpa sababu ya kufuta macho, na hakuna aliyemuuliza kitu.

* * *

Mwezi mmoja ulipita. Phanice alinunua tokeni za kiasi kilekile, na tokeni ziliisha karibu siku ileile. Pengine zilisogea kidogo, hakuweza kuapa. Kompyuta haikuvuma tena, hilo alikubali, na video iliyochukua siku tatu sasa ilikwisha kabla ya chakula cha jioni. Lakini Mokua, kwa kuona kasi hiyo, alichukua kazi mbili za matanga kwa wiki badala ya moja, na mashine ikawa inawaka tangu asubuhi. Alipoulizwa kuhusu tokeni alisema mambo ya stima hayapimwi kwa mwezi mmoja. Pesa za matanga nazo, alisema, zilikuwa zinaingia kwenye mafuta ya pikipiki na betri za kamera.

Phanice alijaribu kumweleza mama mkwe wake, Bosibori, aliyeishi nyumba ya juu katika boma hilohilo. Kikongwe yule alikuwa mkali lakini si mwonevu, na Phanice alitarajia angalau sikio. Bosibori alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga za chinsaga, kisha akamuuliza kama Mokua amelewa. Phanice akasema hapana. Akamuuliza kama amelala nje, kama amempiga, kama ameleta mwanamke mwingine bomani. Yote hayo Phanice akajibu hapana.

"Basi unalia nini?" Bosibori alisema. "Mke wa Omosa mumewe amerudi juzi kutoka Keroka bila hata koti. Wako amenunua chombo kikae mezani, unakiona kwa macho. Mimi ningepiga magoti nimshukuru Mungu."

Ndivyo ilivyokuwa kila alipogusa habari hiyo. Chemchemini wanawake walimwambia ana bahati. Mmoja alimtania kwamba mumewe ni msomi, anaokoa stima wakati waume wa wengine wanaokoa chupa za bia zisivunjike. Walicheka, naye akacheka, akajitwika mtungi, akapanda. Kilichomkera ni kwamba hakuwa na jina la kuliita kosa alilotendewa. Mlevi ana jina, mzinzi ana jina. Mtu anayekumalizia jasho la mwaka mzima kwa utulivu, akiwa amefunga tai, akikueleza kwamba ni kwa faida yako, huyo anaitwaje?

Siku ya soko aliteremka Daraja Mbili na mikungu yake ya ndizi. Biashara ilikuwa mbaya. Saa nane aliiuza iliyobaki kwa bei ya kutupa, akanawa miguu, akavaa viatu vya kanisani alivyobeba kwenye mfuko, akapanda mjini kulitafuta duka la vifaa vya kompyuta. Jina la duka alilisoma kwenye boksi.

Mwenye duka alikuwa kijana mnene mwenye miwani, Okinyi, mtu wa upande wa ziwa aliyehamia Kisii kwa biashara. Phanice alimwambia yeye ni mke wa Mokua wa video, akauliza kama vifaa vile vinaweza kurudishwa. Okinyi alimvutia kiti. Alisema, kwa adabu, kwamba kifaa kikishafungwa na kutumika hakirudi, na hata kingekuwa kipya risiti ni ya Mokua, kwa hiyo mazungumzo yangekuwa na Mokua. Wateja wawili waliokuwa dukani walijifanya kuangalia nyaya za simu.

Phanice alikuwa ameshainuka kuondoka. Kisha akaketi tena.

"Basi niambie kitu kimoja tu," alisema. "Ile prosesa inaokoa stima kiasi gani?"

Okinyi akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Inaokoa, Mama. Sitakudanganya. Lakini kwa kazi yake, kwa mwezi, ni kama bei ya soda mbili."

"Soda mbili."

"Mbili. Tatu, kama ile ya zamani ilikuwa mbaya sana. Prosesa si hita ya maji wala pasi. Mtu hanunui ya pesa zile kwa sababu ya stima, atangoja miaka thelathini zirudi. Anainunua kwa sababu ya kasi. Na kwa kasi ni nzuri kabisa, kazi yake ilikuwa inaihitaji."

Phanice alikuwa tayari kumkasirikia kijana huyu aliyemdanganya mumewe, na hasira yake ilikuwa imekwisha kupangwa, na sasa haikuwa na pa kwenda.

"Wewe hukumwambia hayo?"

"Nilimwambia, Mama. Hapo hapo ulipokaa. Aliniuliza yeye mwenyewe, nikampigia hesabu kwenye simu. Akacheka, akasema sawa, lakini mimi huko nyumbani nitasema ni ya stima."

* * *

Kabla Phanice hajafika nyumbani, Okinyi alikuwa amempigia Mokua simu kumweleza yaliyopita, kwa kuogopa lawama. Mokua hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Alisema tu kwamba mkewe amemvua nguo mjini mbele ya watu anaofanya nao biashara, na kwamba jambo hili sasa litatatuliwa na kanisa. Sabato iliyofuata, baada ya ibada ya mchana, akaja Mzee Nyamongo.

Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno ya taratibu. Alikaa kwenye kochi kubwa, Mokua pembeni yake, Bosibori kwenye kiti cha mlangoni. Phanice alileta chai, kisha akakaa kwenye kigoda, kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa, kwa heshima ya Sabato.

Mzee Nyamongo aliomba, kisha akasema kwa muda mrefu. Alisema mume ni kichwa. Alisema mke mwenye hekima huijenga nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Alisema dunia ya leo ni ya teknolojia, na akina mama wasiichukie kwa kutoielewa. Kuokoa stima ni uwakili mwema, na Mungu amempa ndugu Mokua maono ya mbali. Alimshauri Phanice aombe radhi kwa safari ile ya Kisii, na Mokua naye ajitahidi kununua tangi mwaka ujao, Bwana akipenda. Bosibori aliitikia amina.

"Mama Linet, una neno?" mzee aliuliza, akiwa tayari ameshika Biblia kwa sala ya kufunga.

Phanice alimgeukia mumewe, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. "Baba Linet, mwenye duka alikwambia prosesa hii itaokoa kiasi gani?"

Mokua alikitazama kikombe chake.

"Alikwambia au hakukwambia?"

"Alisema kidogo," Mokua akajibu.

"Kidogo ni kiasi gani? Mwambie mzee."

Mzee Nyamongo alimtazama Mokua, kwanza kwa kumsaidia, kisha kwa kungoja kweli. Hatimaye Mokua akasema ni kama shilingi mia na arobaini kwa mwezi, naye alilijua hilo kabla ya kulipa. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mtu wa kawaida, bila ushemasi ndani yake.

"Wateja walikuwa wananikimbia," alisema. "Mtu anataka video ya baba yake, unamwambia ngoja wiki mbili. Vijana wa Keroka wanampa keshoye. Nilihitaji mashine ya kasi. Ningekwambia hivyo, ungekubali?"

"Hujui," Phanice alisema. "Hujui, kwa sababu hukuniuliza. Uliniona mimi ni mtu wa kudanganywa na soda mbili."

Akauonyesha mkono wake wa kushoto, vidole vile viwili vikiwa vimesimama kama vya mtu mwingine. "Mashine yako ikichoka unaifungua, unaangalia ndani, unapiga hesabu inakula kiasi gani na itaokoa kiasi gani. Mimi nikichoka, nani anafungua? Nani amewahi kupiga hesabu yangu mimi katika nyumba hii?"

Mzee Nyamongo alitamani sana kuwa mahali pengine. Alisema kwa upole kwamba wote tumepungukiwa, wasameheane, jua lisichwe na uchungu wao bado haujawatoka. Kisha, akiinuka na kutafuta kofia yake, akaongeza kwamba chai njiani ameiona imeshakuwa ndefu, na kwamba Phanice asiiache ikomae kwa sababu ya hasira, kwa maana hasara ni ya nyumba yote.

Phanice alikuwa karibu kusamehe. Baadaye alijiungamia hilo mwenyewe. Kama mzee yule angekoma kwenye jua lisichwe, pengine Jumatatu angeamka akachuma kama kawaida. Ilikuwa ni habari ile ya chai iliyomzuia.

* * *

Jumatatu aliamka alfajiri, akafunga kitambaa kichwani, akabeba kikapu. Mokua alimwona akishuka, akaridhika. Lakini Phanice aliipita chai ya nyumbani, akavuka kijito, akaingia katika chai ya Nyamusi, na akachuma humo hadi adhuhuri. Walikuwa wamekubaliana siku iliyotangulia: bei ya kilo, kama mchumaji mwingine yeyote, malipo kila Ijumaa.

Mokua alifikiri ni hasira ya siku mbili. Wiki ikapita. Nyumbani Phanice alipika, alifua, alichota maji, alimwamkia kila asubuhi, hakuna la kumshtaki. Ila chai hakuigusa. Alipoulizwa alisema chai ni ya Mokua, jina liko pale kituoni, kila mtu analisikia likitajwa. Bosibori alishuka kumkemea, akamwambia hajawahi kusikia mke anachumia jirani huku ya nyumbani ikimea. Phanice alimjibu kwa heshima kwamba jirani anamlipa.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeshika. Chai ilikua kwa fujo, majani yakatanuka na kuwa magumu. Mokua alitafuta wachumaji, lakini msimu ule kila mkono ulikuwa umekwisha kuajiriwa, na waliopatikana waliangalia mashina yale marefu wakadai mara mbili. Mwishowe akaacha kazi mbili za matanga, akavaa gambuti, akaingia mwenyewe. Alikuwa hajachuma tangu ujana. Alivunja matawi badala ya vichomozo laini vya juu, akajaza kikapu upesi, akafurahi kuona kwamba kumbe kazi si ngumu kiasi hicho.

Kituoni walikutana foleni moja, yeye na majani yake, mkewe na majani ya Nyamusi. Karani alimwaga kikapu cha Mokua mezani, akapekua kwa vidole. Aliinua jani moja pana, akalikunja, likavunjika kwa mlio.

"Shemasi, kiwanda kinataka majani mawili na kichomozo," alisema. "Haya ni ya kulisha mbuzi."

Akamrudishia yote. Phanice alikuwa ameungojea mchana huo kwa wiki tatu, na alifikiri ungekuwa mtamu. Haukuwa. Alimwona mumewe akichutama kuokota majani yaliyokataliwa, suruali imelowa hadi mapajani, viganja vyekundu, wanawake wakimpisha kwa adabu iliyozidi. Alimhurumia. Halafu akakumbuka kwamba yeye amelowa hivyo miaka kumi na saba na hakuna aliyeona kitu cha kuhurumia, na huruma yake ikapoa.

Walipanda kilima pamoja. Mokua ndiye aliyeanza. Alisema ameona, na kazi ameijua, na Phanice aseme anataka nini, hata kama ni mashine kuuzwa.

"Mashine sitaki iuzwe," Phanice alisema. "Ifanye kazi. Nataka mashina ya kule chini karibu na mikaratusi yaandikwe jina langu, nipate namba yangu ya mkulima na bonasi yangu. Na hayo yako mengine nitakuchumia kwa bei ya kilo, kama vile ungemlipa mtu mwingine."

Mokua alicheka kidogo, akidhani ni utani. Aliona mkewe hacheki.

"Mke amlipishe mumewe? Watu watasema nini?"

"Waambie ni ya kuokoa stima."

Mashina ya karibu na mikaratusi yalikuwa mabaya kuliko yote, maana miti ile hunyonya maji ya ardhi. Phanice aliyataka hayo kwa kujua kwamba mengine hangepewa. Hata hivyo ilichukua siku nyingi za kununa, safari mbili za kwenda kwa naibu wa chifu, na asubuhi moja katika ofisi ya wakulima ambapo Mokua alishika kalamu muda mrefu hadi karani, mwanamke aitwaye Adhis, akamuuliza kama ameishiwa wino. Akatia sahihi.

* * *

Tangi halikununuliwa mwaka ule. Phanice alianza na mabati ya mifereji, akayaweka darini yangoje mengine, na bado alishuka chemchemini kila siku kwa mkono mmoja kwenye vichaka. Lakini Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliofuata simu yake ililia akiwa uani, akasoma ujumbe. Ulikuwa umetoka kwa Mokua. Mumewe alikuwa sebuleni, hatua chache tu kutoka pale, akihariri video ya harusi, na hakutoka nje.

Bosibori alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, akipepeta wimbi. Tangu jina la Phanice liandikwe kituoni hakuwa amesema naye zaidi ya salamu. Aliuliza simu imesema nini. Phanice akasita, kisha akamwambia kwamba Baba Linet ametuma malipo ya kuchuma, akamtajia kiasi.

Kikongwe aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka na upepo.

"Kilo moja anakulipa ngapi?"

Phanice akamwambia. Bosibori akaweka ungo chini. Alivitazama vidole vyake, ambavyo utomvu wa chai ulikuwa umevipaka weusi usiotoka hata kwa jivu, na midomo yake ikacheza kidogo kama mtu anayehesabu, kisha ikaacha, kwa sababu hesabu ilikuwa kubwa mno.

"Mimi chai hii nilianza kuichuma kabla Mokua hajazaliwa," alisema. "Ile yote pale niliipanda nikiwa na mimba. Baba yake akapokea mpaka akafa, kisha Mokua akapokea. Hakuna siku mtu aliniambia, Bosibori, shika." Akamgeukia mke wa mwanawe, na uso wake haukuwa na ukali tena, ulikuwa na swali tu. "Sasa hiyo ya kwangu, mimi nitaidai kwa nani?"

Phanice aliinua macho. Kaburi la baba mkwe wake lilikuwa pale juu, kando ya migomba, na kutoka hapo kushuka hadi kijitoni chai ilikuwa imechipua upya, kijani kibichi, ikingoja kuchumwa Jumatatu.